Fisi na Kipimo cha Shombo

Liko jambo moja ambalo wasimulizi wa kisa hiki wamelizungusha vichwani tangu kilipoanza kusimuliwa, na hakuna hata mmoja aliyelipatia jibu: Pomboo aliingiaje katika kile kidimbwi? Kilikuwa kidimbwi kipana, ndiyo, lakini kilizungukwa pande zote na mwamba mrefu kuliko mgongo wa nyati, na hata wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote, povu huishia kulamba ukingo wa nje tu. Hakina mlango. Hakina mfereji. Wapo wanaosema aliruka, lakini kwa nini aruke kuelekea mwambani ilhali bahari nzima iko nyuma yake? Wapo wanaosema alirushwa na wimbi kubwa, lakini wimbi la namna hiyo lingerusha na vitu vingine, walau mwani kidogo. Pomboo mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Nilikuwa nazungumza, sikuangalia njia." Basi tuliache hapo lilipo, tushike lililo wazi: Pomboo alikuwa ndani, na wa kwanza kumwona alikuwa Fisi.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mito ilibaki michirizi ya mchanga, nyasi zikawa makapi, na wanyama wa bara wakashuka hadi pwani wakiongozwa na Mfalme Simba. Walao majani walijishikiza kwa majani ya mikoko, wakilalamika kwamba yana chumvi. Walao nyama ndio waliokuwa na shida, kwa maana Simba alikuwa amepiga marufuku mnyama wa bara kumla mwenzake mpaka mvua inyeshe. "Tumekuja wengi," alisema, "na nataka turudi wengi."

Kwa hiyo walikula samaki. Maji yakipwa, samaki walionaswa katika mashimo ya miamba walikusanywa na kutiwa katika bwawa moja la akiba, lililozungushiwa mawe. Jua likikaribia kuzama, kila mla nyama alipewa samaki wake mmoja, akiba ikitosha. Simba naye alipewa mmoja, ingawa ilisadifu kwamba wake alikuwa mnono siku zote.

Sheria ya pwani ilikuwa fupi, kwa sababu Simba hakupenda kitu kirefu isipokuwa manyoya yake ya shingoni. Ilisema hivi: samaki ni chakula, na asiyekuwa samaki ni mgeni. Mgeni haliwi.

Sheria fupi zina tabia ya kuleta maswali marefu. Watu wa bara hawakuwa wamezoea viumbe vya bahari, na kila maji yalipopwa kiliachwa mchangani kitu ambacho hakuna aliyejua ni nani. Ndipo Simba akamteua Sungura kuwa mkaguzi. Sungura alikuwa na akili nyingi na mwili mdogo, na aliweza kuingia popote na kutoka kabla hajashikwa. Kila kiumbe kipya kililetwa barazani, pale penye mchanga mgumu, na Sungura akakikagua mdomo, mgongo na tumbo mbele ya wote: kina matamvua ya kuvutia hewa majini? Kina mapezi? Kina magamba? Kina uti wa mgongo, au ni nyama tupu?

Fisi aliyachukia maneno hayo kuliko alivyowachukia nzi. Kila alipokuwa ameshajiandaa, mate yanamtoka, Sungura alipata sababu. Kaa akaletwa, mtamu wa kutazama tu. Sungura akasema ana miguu kumi na mifupa yake ameivaa nje, si samaki. Pweza akaletwa, nyama tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sungura akasema hana hata mfupa mmoja, si samaki. Kasa akaletwa; ana mapafu na hutaga mayai yake mchangani, si samaki, na Kasa akapewa kivuli cha kupumzikia. Jongoo bahari alipoletwa, baraza lilishindwa kujua upande upi ni wa mbele. Walimgeuza, wakamgeuza tena, mwisho wakamkaribisha mgeni kwa heshima, wakielekeza salamu pande zote mbili.

Mara moja tu Fisi alishinda. Aliletwa farasi bahari, kiumbe mwenye kichwa cha punda na mkia wa kinyonga, na kila mtu akacheka kwamba huyo samaki hawezi kuwa. Sungura akachungulia, akakuta matamvua, akakuta na pezi dogo mgongoni. "Samaki," akasema. Fisi akakabidhiwa. Akammeza, akangoja kidogo, akauliza, "Mtanipa saa ngapi?"

Si haki kumlaumu Fisi moja kwa moja. Wapo waliozaliwa na tumbo, na yapo matumbo yaliyozaliwa na Fisi, yaani tumbo lilikuwapo kwanza yeye akafuata. Samaki mmoja wa jioni alimpita kooni kama habari. Kwa hiyo mchana, wenzake walipolala chini ya mikoko, Fisi aliingia kimyakimya kwenye bwawa la akiba. Moyoni hakuita wizi. Aliita kuhesabu, alitaka kuhakikisha kwamba samaki wapo wote. Shida yake ni kwamba alihesabu kwa meno.

Ni katika kurudi kutoka hesabu hizo, siku moja jua likiwa kali, ndipo aliposikia mtu akipumua nyuma ya mwamba. Akapanda, akachungulia. Ndani ya kidimbwi kulikuwa na kitu kirefu, cheusi cha mgongo na cheupe cha tumbo, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Fisi alikaa chini. Miguu yake ya nyuma, ambayo ni mifupi tangu kuzaliwa, aliikunja kama aliyekaribishwa mezani.

"Hujambo, bwana," kile kitu kikasema.

"Sijambo, bibi," Fisi akajibu kwa sauti laini ambayo hata yeye hakujua anayo. "Umepumzika?"

"Nimekwama. Naitwa Pomboo. Samahani, unaijua njia ya kutoka hapa?"

"Usiwe na wasiwasi. Utatoka." Akatembea ukingoni kutoka kichwa chake hadi mkia, polepole, akipima kwa hatua. Hatua zikawa nyingi. Akarudi akapima tena kwa furaha tu.

"Unasikia ule mluzi nje ya mwamba?" Pomboo akasema. "Ni mwanangu. Bado ananyonya. Tangu niingie humu hajapata kitu, na mimi sijaonja hata dagaa. Maji yenyewe yanapungua kwa hili jua. Jioni mgongo wangu utakuwa nje, ngozi ipasuke, na kesho hutakuwa na wa kuzungumza naye."

"Pole sana," Fisi akasema, na alimaanisha, kwa sababu nyama iliyokauka si nzuri. Halafu akakimbia kwenda kumwamsha Simba. Kulikuwa na desturi pale pwani kwamba anayevumbua samaki mkubwa kuliko yeye hupewa nusu, upande wa mkia. Fisi aliukumbuka ule mkia njia nzima.

Baraza lilikusanyika juu ya mwamba. Simba alikaa mahali palipo juu zaidi na kutandaza manyoya yake ili upepo uyaone. Kiboko alikuja wa mwisho, akihema, akakaa mbali na maji. Tangu sheria ya samaki itangazwe, Kiboko hakuwa na raha. Maisha yake yote alikuwa ameishi mtoni, hana manyoya ya kutajika, na usiku alikuwa akiota anakaguliwa.

"Mimi huingia majini kwa sababu ya joto tu," alimwambia kila aliyekaa karibu naye. "Joto tu. Na wala siogelei, natembea chini."

"Hakuna aliyekuuliza," Chui akamwambia.

"Ndiyo maana nasema mapema."

Sungura akarukia jiwe lililozama ndani ya kidimbwi, maji yakamfika kifuani. Pomboo akatulia, akamwacha amkague.

"Mfalme," Sungura akaanza, "samaki hunywa maji mdomoni na kuyatoa kwenye matamvua, hapa nyuma ya taya. Huyu nyuma ya taya hana kitu, ni ngozi tupu. Badala yake ana tundu utosini."

"Tundu la nini?" Simba akainama kutazama.

Hapo hapo Pomboo akatoa pumzi. Ilitoka kwa nguvu, pamoja na mvuke na matone, ikampiga Mfalme usoni na kuyalaza manyoya yake yote upande mmoja.

Twiga alitazama baharini kwa bidii, kama aliyeona kitu.

"Nisamehe, baba," Pomboo akasema. "Hapo ndipo ninapopumulia."

"Endelea," Simba akamwambia Sungura, kwa sauti ya mtu anayevumilia.

"Hana magamba, ngozi yake ni laini na ina joto, mtu na aiguse. Na mtazame mkia. Mkia wa samaki umesimama, hupunga kushoto na kulia. Wa huyu umelala, hupiga juu na chini, kama mgongo wa Duma anapokimbia. Na kubwa kuliko yote liko huku tumboni. Bibi Pomboo, geuka kidogo. Asante. Mnaona huu mpasuko mdogo? Ndani yake..."

Sungura alibonyeza pale, nadhani kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Maziwa yakaruka. Mengi yalimwingia jichoni, na tone moja likaenda mbali, likatua kwenye mdomo wa Simba. Simba akalilamba kabla hajafikiri.

Fisi alikuwa akimwangalia Mfalme, akaona uso wake ukilegea. Pengine Simba alikumbuka pango fulani, na ulimi mpana ukimsafisha masikio, na mtu fulani ambaye kwake hakuwa mfalme. Nje ya mwamba mluzi ukasikika tena, mwembamba, ukikatika katikati.

"Mnh," Simba akasema.

Fisi akajua kwamba nusu yake ya mkia inaondoka hivi hivi akitazama. Akaruka mbele.

"Ewe Mfalme, nina swali moja tu la mtu mjinga. Sungura anataka kusema nini hasa? Kama huyu si samaki, basi ni wa kundi gani?"

"La wanyonyeshao," Sungura akajibu huku akifuta jicho. "Wenye damu ya moto, wanaovuta hewa kwa mapafu na kuwanyonyesha watoto wao. Mfalme yumo. Fisi yumo. Mimi nimo, Kiboko yumo."

"Nimo!" Kiboko akapiga kelele. "Mmesikia jamani? Nimo!"

"Mfalme umesikia?" Fisi akasema taratibu. "Anasema wewe na huyu asiye na miguu ni jamaa. Mtu asiye na hata unywele mmoja shingoni. Leo tukikubali, kesho mtoto wa huyu atakuja barazani akuite mjomba."

Simba akakaza uso tena. "Sungura. Kundi langu lina watu wasio na miguu?"

"Lina wa kila namna, Mfalme. Popo naye yumo, na ana mabawa."

"Popo?" Simba akasimama. "Popo yumo kwenye kundi langu, na hakuna aliyeniambia?"

"Hukuuliza, Mfalme."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Simba akatembea mara mbili juu ya mwamba, manyoya yakidondosha maji. Haikuwa kwamba hakuelewa. Alielewa, na ndilo lililomuudhi. "Nimechoka na mambo ya nyuma ya taya na chini ya tumbo," akasema. "Nataka kipimo kimoja. Kifupi. Kipimo ambacho mfalme anaweza kukifanya mwenyewe, akiwa mkavu."

"Ninacho," Fisi akasema.

Wote wakamgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu washuke pwani, Fisi alisikilizwa na baraza zima, na ladha yake ilikuwa nzuri karibu kama ya mafuta. Akajinyoosha kadiri miguu ya nyuma ilivyomruhusu.

"Sisi kina fisi hatusumbukii maumbo. Umbo linaweza kukuchezea. Sisi mtu tunamjua kwa harufu, tena tukiwa mbali. Swala ananuka swala, nyati ananuka nyati. Sasa niambieni, samaki ananuka nini? Shombo! Kila mwenye pua anaijua. Basi kipimo ni hicho. Mwenye shombo ni samaki. Asiye na shombo, si samaki. Hakuna haja ya kumgeuza mtu tumbo."

Simba alifikiri. Ukweli ni kwamba alikipenda. Kilikuwa kifupi, kilihitaji pua, na pua ya Mfalme ilikuwa kubwa.

"Lakini Mfalme," Sungura akasema kutoka majini, "harufu ni jambo moja tu, na mwili una mambo mengi. Mtu hawezi..."

Akanyamaza ghafla. Upepo wa bahari ulikuwa umetulia, na kitambo kidogo hewa ikajirudi kutoka upande wa bara, alikosimama Fisi. Fisi aliona pua ya Sungura ikichezacheza, mara ya kwanza polepole, kisha upesi. Akadhani ni dalili ya kulia. Alimwonea huruma kidogo, kwa sababu aliyeshinda anaweza kumudu huruma.

"Ulikuwa unasema nini?" Simba akauliza.

"Nilikuwa nasema nimeshindwa, Mfalme," Sungura akajibu, masikio yakiwa chini. "Ila nina ombi. Isiwe sheria ya leo peke yake, maana kesho akiletwa kiumbe mwingine Fisi ataigeuza. Iwe sheria kamili."

"Siigeuzi!" Fisi akasema.

"Mwenye shombo ni samaki, hata kama ana miguu?"

"Hata kama ana miguu arobaini."

"Hata kama ana manyoya? Hata kama tumekaa naye miaka na kumwita ndugu?"

"Ndugu wa nini? Akinuka shombo ni samaki, na samaki ni chakula. Mimi kwenye sheria sina ndugu." Fisi aliisikia sauti yake ikirudi kutoka mwambani, akapendezwa nayo. "Mfalme, itangaze!"

Simba akaitangaza. Anapotangaza sheria hunguruma mwishoni ili kuifunga, na sheria iliyofungwa hivyo hajawahi kuifungua, si kwa sababu ni nzuri, bali kwa sababu alishanguruma.

Kisha akashuka ukingoni na kumnusa Pomboo. Fisi, kutoka upande wake wa bara, alinyoosha shingo, ulimi nje.

"Chumvi," Simba akasema. Akanusa tena. "Mwani. Maziwa."

"Na shombo," Fisi akamsaidia.

"Hapana."

"Jaribu upande wa mkia, Mfalme. Pale ndipo huwa inajificha."

Simba akazunguka, akanusa mkia. Tangu Pomboo akwame hakuwa ametia hata dagaa mdomoni, na maji yalikuwa yamemwosha asubuhi na jioni. "Hapa hamna kitu. Ajabu ni kwamba shombo naisikia. Naisikia kabisa, tena kali. Lakini haitoki kwa huyu."

Akainua kichwa, akafumba macho, akaanza kutembea akiifuata pua. Wanyama wakampisha. Alipofika kwa Kiboko alisimama, na Kiboko akafumba macho pia, akawa kama anayengoja radi.

"Tope," Simba akasema.

"Tope!" Kiboko akalia. Machozi yalimtoka. "Ni tope jamani, nilijua! Tope tupu!"

Simba akapita. Akamnusa Chui, akapita. Chui alikuwa na harufu ya samaki mmoja wa jana, ambayo ni harufu ya kila mtu pale na haifiki mbali. Akaendelea upande wa bara. Fisi akaona pua ya Mfalme ikija moja kwa moja, kubwa, nyeusi, ikipanuka na kufinyika. Akajiangalia miguu. Akajinusa bega, na akashangaa kweli kweli kwamba hasikii chochote. Hajapata kuwepo mtu wa kusikia harufu aliyoishi nayo, na pua ya Fisi, inayomjua nyati aliye ng'ambo ya mlima, haikuwa imewahi kumfikiria Fisi.

Pua ya Simba ikamgusa kifuani.

"Ni upepo, Mfalme," Fisi akasema. "Upepo unatoka baharini unaniletea."

"Upepo umetulia."

"Basi ni samaki wangu wa jana."

"Huyu wa jana ni mmoja," Simba akasema, bado amefumba macho, "na hapa nasikia ukoo mzima. Nasikia samaki changu. Nasikia tasi. Nasikia kolekole, ambaye mimi mwenyewe sijampata wiki hii." Akafumbua macho. "Na hiki ni nini kidevuni kwako?"

Sungura alishatoka majini. Akanyoosha mkono, akabandua kitu chenye kung'aa kutoka kidevu cha Fisi na kukiinua juani. "Gamba," akasema. "Mfalme alisema hataki mambo ya nyuma ya taya. Hili liko mbele."

Simba akamtuma Kiboko, ambaye siku ile angetumwa popote, aende kwenye bwawa la akiba. Kiboko akaenda mbio, akarudi. "Waliobaki wanaenea katika unyayo wangu mmoja," akasema. "Na wameniomba nisiondoke."

Basi ndipo baraza lilipopandisha sauti. Chui alikumbuka usiku aliolala na tumbo tupu. Mama Nguchiro akasema watoto wake walikuwa wakigawana kichwa. Fisi aliwasikia wote, na katikati ya ile hofu aliona aibu kidogo, kwa sababu kichwa cha samaki yeye hukitema.

"Nilikuwa nawahesabu," akasema.

"Wewe unajua kuhesabu?" Simba akauliza.

"Ndiyo maana nilikuwa narudia."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Fisi akapiga magoti. "Mfalme, nimefikiri upya. Pua ina makosa yake. Ukiniangalia vizuri, mimi ni mmoja wa wanyonyeshao. Na nikaguliwe! Nyuma ya taya sina matamvua. Sina mapezi, sina magamba, ila hilo moja, na si la kwangu. Sungura, ndugu yangu, waambie!"

"Ni kweli, Mfalme," Sungura akasema. "Kwa mwili, Fisi si samaki. Kila alama inasema hivyo. Ila kwa sheria mpya ni samaki, na aliyeiomba ni yeye."

"Ifungue, Mfalme!"

"Nimeshanguruma," Simba akasema.

Halafu likaja jambo gumu, kwa maana samaki ni chakula. Simba akawatazama wala nyama mmoja mmoja. "Huyu ni samaki. Nani anamtaka?"

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

"Chui?"

"Mimi nimeshiba, Mfalme," akasema Chui, ambaye tangu ukame uanze mbavu zake zilihesabika.

"Duma?"

"Mimi daktari... mimi tumbo langu halitaki vitu vizito."

"Hata upande wa mkia?" Simba akauliza. Duma akarudi nyuma hatua moja. Fisi alishusha pumzi ya shukrani. Halafu, baada ya kitambo, akajikuta anaumia kidogo, akawatazama wenzake akitafuta hata mmoja ambaye angalau alikuwa ametamani.

Nje ya mwamba mluzi ukasikika tena, na safari hii ulikuwa mdogo sana hivi kwamba wote walinyamaza ili wausikie. Maji ya kidimbwi yalikuwa yameshuka. Mgongo wa Pomboo ulikuwa nje, umeanza kukunjamana. Yeye, aliyekuwa msemaji tangu alipoonekana, sasa alikuwa akihema tu.

Simba hakukaa chini. Alisema amri zake akiwa amesimama. Pomboo si samaki, kwa mwili wala kwa harufu, na arudishwe baharini sasa hivi. Neno jamaa hakulitamka, lakini alisema mwanawe akitaka kupita mbele ya pwani ile na apite. Tangu siku hiyo ukaguzi urudi kwa Sungura, na kiumbe atazamwe mwili mzima, ndani na nje, kabla hajaitwa jina lolote. Ama sheria ya shombo, itabaki kwa yule mmoja aliyeipata: Fisi atahesabiwa samaki mpaka mvua inyeshe, atakaa ndani ya kidimbwi, na atakula wanachokula samaki wadogo, yaani mwani na chochote kinachoelea.

Fisi alisema atakufa. Sungura akamwambia kwamba Nguva, yule mnyama wa baharini, hula majani ya bahari na ni mnene kuliko wote.

Aliyezitekeleza amri mbili, ya Pomboo na ya Fisi, alikuwa Kiboko. Aliingia kidimbwini, akajilaza chini, Pomboo akapandishwa mgongoni mwake huku wengine wakimmwagia maji kwa masikio, kwato na midomo. Kiboko akaukwea mwamba kwa magoti, akiteleza, akiomba asiangaliwe kwa nyuma, akashuka upande wa pili hadi bahari ilipomfika shingoni, na hapo akazama taratibu mpaka mzigo wake ukaelea wenyewe. Kitu kidogo cheusi kilikuja mbio kutoka kwenye povu, kikamzunguka mama yake mara moja, kikajipachika tumboni. Kikanyonya palepale, mbele ya baraza zima. Simba aligeuza uso kutazama bara, lakini masikio yake aliyaacha yakielekea baharini.

Kisha Kiboko akarudi, akiwa amelowa na hana tena hofu ya kuwa amelowa, akamshika Fisi kwa ngozi ya shingo, akampitisha juu ya mwamba, akamtia ndani. Akajilaza ukingoni pamoja na uzito wake wote, akakaa hapo mpaka mvua iliponyesha.